Jinsi ya kuzipata bendi za indi roki zisizojulikana, na jinsi ya kumpa mtu mwingine mpaka azisikilize kweli: mwongozo kamili

Watu wanakwama palepale kila siku. Mtu anataka bendi mpya za indi roki, yaani roki ya magitaa iliyoanzia kwenye kampuni ndogo za kujitegemea, anaingia Spotify, anaandika jina la staili, anapewa Arctic Monkeys, The Strokes na Tame Impala, bendi ambazo hata asiyefuatilia roki ameshazisikia, anasikiliza wikiendi moja anachoka anarudi kwenye nyimbo zake za zamani. Mwingine bendi anazo, tena nzuri sana, ila kila akituma linki kwenye grupu anapewa emoji ya moto na hamna hata mmoja aliyefungua.

Mimi naona hilo ni tatizo moja. Bendi ndogo haipatikani kwa kutafuta staili, inapatikana kwa kufuata watu: nani aliitoa, nani aliirekodi, mpiga besi wake alitokea bendi gani na baadaye akaenda wapi. Na kupendekeza ni hivyohivyo, mtu fulani unampa wimbo fulani kwa sababu yake yeye. Hatua zote hapa chini zimesimama hapo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Bendi moja unayoipenda kweli. Moja inatosha, na hata ikiwa kubwa na maarufu haina shida. Ndiyo mlango wako.
- Hedifoni, hata za bei ya chini. Spika ya simu inaua besi na inaua gitaa la pili, na kwenye muziki huu vitu vingi vinafanyika huko chini.
- Akaunti ya Bandcamp na ya Discogs. Zote bure. Bandcamp ndipo bendi ndogo na lebo ndogo (kampuni zinazotoa rekodi) zinauza kazi zao moja kwa moja, Discogs ni hifadhi kubwa ya taarifa za rekodi inayojazwa na wapenzi wenyewe: nani kapiga nini, nani kakaa kwenye mitambo, lebo gani, mwaka gani.
- Bando la kueleweka. Wimbo wa dakika 4 kwa MP3 ya 320 ni kama MB 10, kwa hiyo albamu ya nyimbo 10 inakula kama MB 100. Ukichagua FLAC, faili la sauti lisilopunguzwa ubora, ni karibu mara tatu ya hapo, usiiguse kama uko kwenye bando la siku.
- Daftari, au noti kwenye simu. Watu wanaruka hili halafu wanaanza kuuliza "ile bendi ya wale jamaa wa New Zealand inaitwaje vile?"
- Kadi ya kulipia mtandaoni, kwa hatua ya mwisho tu. Kenya watu wengi wanatumia ile ya M-Pesa GlobalPay, na kwingine benki nyingi zinakufungulia kadi ya Visa kwenye programu yao.

## Hatua ya 1: Achana na jina la staili, shika bendi moja

Usiandike tena "indie rock" kwenye kisanduku cha kutafutia. Sababu ni rahisi, programu inapanga majibu kwa wingi wa wasikilizaji, kwa hiyo neno pana linakuletea wakubwa. Hata ile sehemu ya "mashabiki pia wanapenda" inahesabu tabia za wasikilizaji, na bendi yenye wasikilizaji mia mbili haina tabia za kutosha za kuhesabiwa, haitokei kabisa.

Chukua ile bendi yako moja. Kwa mfano wa mwongozo huu natumia Arcade Fire ya Montreal, kwa sababu inajulikana na kwa sababu njia yake ni nzuri. Andika jina juu ya ukurasa wa daftari, halafu acha nafasi kubwa chini.

## Hatua ya 2: Fuata lebo

Hapa ndipo penye hazina, na ukiamua kufanya hatua moja tu kwenye mwongozo huu, fanya hii.

Lebo ndogo kwa kawaida ni watu wawili watatu wenye masikio yao. Wanatoa kitu kwa sababu wamekipenda, hela yenyewe mara nyingi hakuna, kwa hiyo ukipenda kazi moja ya lebo hiyo kuna uwezekano mkubwa utapenda na nyingine ambazo hujawahi kuzisikia. Lebo kubwa haikupi hilo maana inatoa kila kitu.

Twende na mfano. Albamu ya kwanza ya Arcade Fire ilitoka mwaka 2004 kwenye lebo inayoitwa Merge, ya North Carolina, Marekani. Merge ilianzishwa mwaka 1989 na Mac McCaughan na Laura Ballance, ambao wenyewe ni wanamuziki wa bendi ya Superchunk. Simama hapo. Tayari umepata bendi ya kwanza, Superchunk, gitaa zina makelele lakini melodi ziko wazi kabisa.

Sasa fungua ukurasa wa wasanii wa Merge upitie majina. Utakutana na The Clean, na hawa si Wamarekani, wametoka Dunedin, mji wa kusini mwa New Zealand. Jiulize, lebo ya North Carolina imewatoa wapi watu wa Dunedin? Jibu ni kwamba kabla ya Merge walikuwa kwenye Flying Nun, lebo iliyoanzishwa Christchurch mwaka 1981 na Roger Shepherd, na wapenzi wa Marekani walikuwa wanazitafuta rekodi zile kwa udi na uvumba.

Ukifungua Flying Nun umefungua ghala. Robert Scott, mpiga besi wa The Clean, ana bendi yake anayoimba mwenyewe, The Bats. Martin Phillipps, aliyepiga kinanda kwenye singo ya kwanza ya The Clean, ndiye aliyeianzisha The Chills. Endelea kushuka utafika kwa Look Blue Go Purple, wanawake watano wa Dunedin waliokuwa pamoja kuanzia 1983 hadi 1987 na kutoa EP tatu tu, yaani rekodi fupi kuliko albamu. Mmoja wao, Norma O'Malley, anapiga kinanda na filimbi. Filimbi ndani ya bendi ya gitaa, na haijawekwa kama pambo, inaingia na kubeba melodi wakati sauti za waimbaji zimepanda juu pamoja. Mimi naipenda sana hiyo bendi na nasikitika kila nikikutana na mtu anayejiita mpenzi wa indi roki na hajawahi hata kulisikia jina.

Angalia tulikotoka: kutoka bendi inayojaza viwanja mpaka bendi ya EP tatu, na hakuna mahali tuliandika jina la staili.

Tahadhari: usisikilize lebo nzima kwa mkupuo. Chagua bendi tatu za lebo hiyo zilizotofautiana miaka, uzipe nafasi. Ukizirundika zote zitakuchanganyikia na mwisho wa siku hutakumbuka hata moja.

Imefanikiwa kama: daftari lako lina mshale unaotoka bendi uliyoanza nayo mpaka bendi ambayo hakuna rafiki yako anayeijua, na unaweza kueleza kila kituo cha katikati.

## Hatua ya 3: Fuata majina madogo nyuma ya kava

Watu wanasoma jina la mwimbaji tu. Wewe soma fundi mitambo, soma prodyuza, soma mpiga dramu. Kwenye Discogs fungua ukurasa wa albamu, shuka mpaka sehemu ya waliohusika, bonyeza jina, utaletewa kila kitu alichogusa mtu huyo.

Mfano mzuri ni Steve Albini, fundi mitambo wa Chicago, aliyefariki Mei 2024. Alirekodi albamu ya Nirvana ya mwaka 1993, na mwaka huohuo ikatoka ya PJ Harvey aliyoirekodi pia. Huyu alikuwa hachukui asilimia ya mauzo, analipwa kazi yake basi, na bendi yoyote yenye hela ya kulipia studio ilikuwa inaweza kumpata. Matokeo yake orodha yake imejaa bendi ndogo mno. Humo ndani ndimo walimo Silkworm, bendi iliyoanzia Missoula, Montana: gitaa zinasikika kama ziko chumba kimoja na wewe, dramu kavu, maneno ya mtu mzima aliyechoka kusema uongo.

Njia ya pili ni bendi zilizovunjika. Bendi ikivunjika watu hawafi, wanaanzisha nyingine. Women ya Calgary, Canada, ilitoa albamu mbili, 2008 na 2010, ikasambaratika. Wawili wakaenda kufanya Preoccupations, na mwimbaji wa Women, Patrick Flegel, anafanya kazi kwa jina la Cindy Lee. Albamu ya Cindy Lee ya Machi 2024 ina nyimbo 32, zaidi ya saa mbili, na ilipotoka haikuwepo Spotify kabisa, ilikuwa YouTube kama video moja ndefu na kwenye tovuti ya kizamani ambako unaipakua mwenyewe. Aliyekuwa anasubiri programu imletee hakuipata. Aliyekuwa anamfuata mtu aliipata siku ileile.

Tahadhari kuhusu majina: bendi hizi zina majina ya ajabu kwa kutafuta. Ukiandika Women, Low, The Bats au Girls utaletewa dunia nzima. Ongeza mji na mwaka, mfano "Women Calgary 2010". Ndiyo maana kwenye daftari mji ni lazima.

## Hatua ya 4: Tafuta watu wenye masikio kama yako

Mashine inakadiria, binadamu anachagua. Unahitaji binadamu wachache tu unaowaamini.

Redio ya WFMU ya Jersey City, Marekani, ni mahali pazuri pa kuanzia. Haina matangazo, inaendeshwa kwa michango ya wasikilizaji, kila mtangazaji anapiga anachotaka, na kila kipindi kina orodha ya nyimbo zote zilizopigwa pamoja na rekodi ya kipindi kizima. Tofauti ya saa isikusumbue maana unasikiliza rekodi muda wako. KEXP ya Seattle nayo inaweka YouTube sesheni za laivu za studio, kwa kawaida nyimbo tatu nne kila bendi, na laivu haina kujificha, anayeweza anaonekana na asiyeweza anaonekana. Bando likiwa dogo shusha ubora wa picha, masikio ndiyo yanafanya kazi.

Halafu kuna kitu Bandcamp ambacho watu wengi wanakipita bila kukiona. Kwenye ukurasa wa albamu kuna picha ndogondogo za watu walioinunua. Bonyeza mmoja, utaona kila albamu aliyonunua. Tafuta mtu mwenye vitu vitatu ambavyo na wewe unavipenda, halafu angalia vilivyobaki. Huyo mtu katoa hela yake, hajabonyeza laiki tu, kwa hiyo chaguo lake lina uzito. Mfuate, awe anakuletea vitu vipya kila akinunua.

Lugha isikutishe hapa. Huhitaji kuelewa kila neno la mtangazaji, unahitaji orodha ya majina.

## Hatua ya 5: Sikiliza kwa utaratibu

Usihukumu kwa sekunde 20 za wimbo wa juu. Wimbo wa juu kwa kawaida ni ule uliochaguliwa kuuza, na mara nyingi unafanana na bendi nyingine kuliko nyimbo zote za albamu.

Mimi nasikiliza hivi: wimbo wa kwanza, wimbo mrefu kuliko zote, wimbo wa mwisho. Wa kwanza unakuonyesha wanavyotaka waonekane, mrefu unakuonyesha wanafanya nini wakiachiwa nafasi, wa mwisho unakuonyesha kama bado wana la kusema. Kama viwili kati ya hivyo vimekushika, rudi usikilize albamu nzima siku nyingine, ukiwa unatembea au unaosha vyombo, usiwe na simu mkononi.

Bandcamp bendi nyingi zinakuruhusu usikilize wimbo mzima bure mara kadhaa kabla ya kukuomba ununue, tumia nafasi hiyo. Na usisome maoni ya watu kabla ya kusikiliza, ukishasoma "wanaiga fulani" hutasikia kingine zaidi ya huyo fulani.

Ukisikiliza mara mbili na hakuna kilichobaki kichwani, iache. Kutokujulikana peke yake hakuifanyi bendi kuwa nzuri, na ukianza kusifia kitu kwa sababu hakijulikani tu, watu watakuacha na watakuwa sahihi.

## Hatua ya 6: Hakikisha bendi ipo

Hii zamani haikuhitajika, sasa hivi ni lazima. Mwaka 2025 kitu kinachoitwa The Velvet Sundown kilipata wasikilizaji zaidi ya milioni 1 kwa mwezi Spotify, muziki wa roki wa kizamani mlaini, picha za vijana wanne wenye nywele ndefu, kumbe muziki umetengenezwa kwa akili mnemba na vijana wenyewe hawapo.

Kabla hujapendekeza angalia mambo haya: kuna video yoyote ya laivu, hata mbovu ya simu? Kuna majina ya wapigaji na ya fundi aliyerekodi? Kuna mji? Bendi ya kweli inaacha alama, bango la shoo, picha chafu ya jukwaani, mpiga dramu aliyewahi kupigia bendi nyingine. Kama kuna albamu mbili tatu ndani ya wiki chache na hakuna hata jina moja la binadamu, iache hapohapo.

## Hatua ya 7: Andika

Fupi tu. Kila bendi mistari mitano: jina, mji, mwaka wa kazi uliyosikiliza, lebo, nani au nini kilikufikisha hapo. Halafu sentensi moja ya kile kilichokushika, na dakika yake. Mfano: "dakika ya 2 na sekunde 10 gitaa linanyamaza, inabaki besi na sauti, halafu vyote vinarudi pamoja."

Hiyo sentensi ndiyo utakayoitumia kumshawishi mtu, kwa hiyo iandike wakati bado ina moto. Ukisubiri kesho utaandika "iko poa sana", na "iko poa sana" haijawahi kumfanya mtu yeyote afungue linki.

## Hatua ya 8: Chagua mtu kwanza, wimbo baadaye

Sasa tunaingia kwenye kupendekeza, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanakuwa na wimbo, wanatafuta wa kumrushia. Geuza. Mfikirie mtu mmoja, jiulize masikio yake yameshazoea nini, kisha ndiyo utafute kwenye daftari.

Watu wa kwetu wana masikio makali kuliko wanavyojijua. Aliyekulia kwenye bendi za dansi na sebene la Kikongo tayari anajua kutofautisha gitaa la solo na la ridhimu, anajua kusubiri wimbo ubadilike katikati. Huyo usimpe Silkworm kwanza. Mpe Etran de L'Aïr wa Agadez, Niger, bendi ya ndugu na jamaa wa familia moja inayopiga kwenye harusi za mji wao, magitaa matatu yanakimbizana bila kugongana, anaingia moja kwa moja.

Mwenye kupenda kwaya mpe Low ya Duluth, Minnesota. Alan Sparhawk na Mimi Parker walikuwa mume na mke, wanaimba sauti mbili polepole mno, na Mimi alikuwa anapiga ngoma chache tu akiwa amesimama. Parker alifariki 2022. Mtu wa kwaya atasikia mara moja jinsi sauti ya kike inavyolala juu ya ile ya kiume, wala huhitaji kumweleza kwamba hii ni roki.

Kijana anayependa fujo, mpe Crystal Axis wa Nairobi, panki ya haraka, tena ya jirani. Na mpenzi wa nyimbo tamu za mapenzi mpe The Bats, hawajawahi kuwa na haraka.

Usimpe mtu kitu ili ubadilishe anachopenda. Mpe kinachoendelea pale anachokipenda kinapoishia.

## Hatua ya 9: Andika ujumbe wenyewe

Wimbo mmoja. Narudia, mmoja. Ukituma kumi umempa kazi ya nyumbani, na kazi ya nyumbani inaahirishwa.

Ujumbe uwe na vitu vinne: kwa nini yeye, ni akina nani hao, asikilize nini ndani yake, na linki inayofunguka bila kulipia, YouTube au Bandcamp. Usirekodi wimbo kwa voisi noti ya WhatsApp ukamtumia, sauti inabanwa mpaka gitaa linakuwa nyuki.

Kwa mfano, kwa mjomba aliyekuwa hakosi dansi Jumamosi:

*"Shikamoo mjomba. Nimekukumbuka ulivyokuwa unatuambia tunyamaze solo ikiingia. Kuna vijana wa Niger, jangwani kule, ndugu wa familia moja, wanapiga kwenye harusi za kwao. Wimbo ni huu mmoja tu, vaa zile hedifoni za Asha. Sikiliza gitaa la pili linavyoingia chini ya lile la kwanza, halafu uniambie nani kati yao ndiye anayeongoza, maana mimi nimeshindwa kuamua."*

Angalia mwisho wake. Sijauliza "umeipenda?", maana jibu la hilo ni "nzuri" na mazungumzo yamekufa. Nimemwachia swali ambalo ili alijibu lazima asikilize.

Tahadhari nyingine ni kule kusema "hawa ni kama bendi fulani". Ukilinganisha na bendi kubwa anaenda kuipima kwa ile kubwa na ndogo itashindwa. Eleza kinachosikika: gitaa, kasi, sauti, mahali kinapobadilika.

## Hatua ya 10: Baada ya kutuma, nyamaza

Usiulize kesho yake. Muziki unamfikia mtu siku yake, kuna aliyefungua linki baada ya miezi akiwa kwenye basi la mkoani. Akirudi na jibu, hata jibu la kukataa, limekuambia kitu: "ameimba kwa kulialia" maana yake wimbo unaofuata uwe na sauti nzito au usiwe na sauti kabisa. Andika hilo nalo.

Wimbo wa pili mpe tu kama wa kwanza aliufungua. Na aliyekupa wewe bendi mtaje jina unapoipeleka mbele, ni heshima, na yule wa mwisho anapata mtu mwingine wa kumfuata.

Imefanikiwa kama: siku moja anakutumia yeye bendi ambayo wewe huijui.

## Hatua ya 11: Nunua, hata kidogo

Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 kusikilizwa ndani ya miezi 12. Bendi tunazozizungumzia hapa nyingi zina nyimbo za namna hiyo, kwa hiyo kusikiliza kwako peke yake kunaweza kuwa sawa na sifuri kwao. Bandcamp inakata asilimia 15 kwenye muziki wa kupakua, na kuna Ijumaa maalumu, zilizoanza Machi 2020, ambazo inaacha fungu lake lote. Ukiweza kusubiri, nunua siku hizo.

Albamu nyingi zina bei ya "lipa unachoweza". Toa unachoweza kweli. Wakati wa kulipa kuna nafasi ya kuacha ujumbe, itumie, waambie unasikiliza ukiwa Mwanza, Mombasa au Goma. Bendi ndogo inasoma kila kitu inachoandikiwa.

## Ukikwama

"Kila kitu kinasikika sawa." Umekaa kwenye lebo moja muda mrefu. Ruka bara. Kama ulikuwa Marekani nenda Johannesburg kwa BLK JKS, albamu yao ya 2009 ilitolewa na Secretly Canadian, lebo ya Indiana, kwa hiyo mlango wa kurudi upo wazi.

"Ninaokuta wote walishavunjika." Angalia wanachama wako wapi sasa, hatua ya 3.

"Sijui bendi ya kuanzia." Basi chukua Mdou Moctar, mpiga gitaa wa Niger. Albamu yake ya 2021 ilitoka Matador ya New York, lakini kabla ya hapo kazi zake zilitolewa na Sahel Sounds, lebo ya Christopher Kirkley wa Portland, Oregon, aliyekusanya nyimbo zilizokuwa zinazunguka Sahara kwenye memori kadi za simu, mtu anampa mtu kwa bluetooth, kama tulivyokuwa tunafanya na sisi. Fungua ukurasa wa Sahel Sounds, shuka mpaka bendi ya Les Filles de Illighadad, tafuta Fatou Seidi Ghali wa bendi hiyo anapiga nini mkononi, na uanze mshale wako wa kwanza hapo.